Ufa mgumu kwenye mnara wa mwamba: kinachoharibika, sababu zake na la kufanya

Anayejifunzia kukwea Goma, mashariki mwa Kongo, hufika chini ya mnara akiwa na vidole vigumu na miguu mivivu. Vyote viwili vimetokana na lava. Ile iliyoshuka kutoka mlima Nyiragongo Januari 2002 ikapita katikati ya mji hadi ziwani ni mwamba wenye matundu na ukwaru, kiatu kinashika popote unapokiweka. Nenda sasa Hell's Gate, kule Naivasha, Kenya, kwenye nguzo za mwamba zilizosimama bega kwa bega: kuta za ufa zimenyooka, ni laini, na mguu uliowekwa ovyo unarudi chini.

Maelezo haya ni ya ufa usio na bolti. Kila kinga, yaani kifaa kinachobanwa ufani ili kushika kamba, anaiweka anayetangulia na anaitoa anayefuata. Nati ni zile kabari za chuma zenye waya. Kemu ni zile zenye mabawa ya springi. Karabina, ile pete ya chuma yenye mlango, ndiyo wengi wetu tunaita musketoni. Kama bado hujui kufunga fundo la nane, kumshikia mwenzako kamba au kushuka kwa kamba, tafuta mwalimu kabla ya kuendelea. Hayo hayafundishiki kwa maandishi.

"Mkono unateleza, nguvu zinaisha kabla ya mita tano"

Mikono hulaumiwa, lakini mara nyingi kosa liko miguuni. Jaribu hivi: panda nusu mita tu kutoka ardhini, chomeka mikono miwili, kisha legeza mmoja. Ukifunguka kama mlango, miguu yako haibebi kitu.

Mguu ndani ya ufa huwekwa kwa hatua tatu. Peleka goti nje ili unyayo ulale ubavu, kidole gumba kikiwa juu. Ingiza ncha ya kiatu mpaka vidole vimezwe. Halafu rudisha goti katikati, kama unayezungusha ufunguo kwenye kufuli, kiatu kijibane kuta zote mbili. Hapo simama, mguu unyooke. Itauma kidogo, isipouma kabisa, haijabana. Kiatu kinachofaa hapa ni kigumu na hakikunji vidole. Kile chenye ncha iliyopinda, kizuri kwa miinamo, kitakutesa bure.

Miguu ikiwa sawa, pima ufa. Ufa wa kuchomeka mkono ni ule unaomeza kiganja hadi kifundo, kwa watu wazima wengi sentimita 4.5 hadi 6. Ukibanwa kwenye vifundo vya vidole kabla kiganja hakijaingia, ufa ni mwembamba kwako: utauvumilia mita mbili tatu, si ishirini. Mwenye mikono midogo atauona ufa huo huo mtamu, kwa hiyo usikubali sifa ya njia kutoka kwa mtu ambaye hujaona mikono yake.

Sababu ya tatu ni kidole gumba kuachwa nje. Ingiza mkono ukiwa bapa kama unayetia barua chini ya mlango, kisha kunja gumba lipite kiganjani kuelekea kidole kidogo. Nyama ya chini ya gumba inavimba na kubana. Usikunje ngumi, ngumi ni ya ufa mpana zaidi, sentimita 7 hadi 10 hivi.

Jasho huja mwisho kabisa, ingawa kila mtu hukimbilia chaki kwanza.

Dawa ya kudumu ni ufa wa mbao nyumbani. Fundi anayetengeneza chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, anaweza kukuundia: mbao mbili za mkaratusi, urefu mita 2.5, upana sentimita 20, unene sentimita 5, zilizotenganishwa kwa vipande vya sentimita 5 juu, katikati na chini, na bolti za milimita 12 zikipita zote. Kipande cha katikati kikae ukingo wa nyuma ili kisizuie mkono. Piga msasa upande wa ndani. Kibanzi cha mkaratusi mgongoni mwa mkono hakina huruma. Ukitaka upana mwingine, badilisha vipande.

*Acha mara moja* ukisikia kidole kimelia "tak" kwenye ufa mwembamba, hasa kikivimba upande wa kiganja. Huenda ni ukanda unaoshikilia mshipa wa kidole umekatika. Usikifunge sparadra (plasta) ukaendelea. Shuka, kionwe na daktari.

"Ngozi ya mgongo wa mkono inachunika"

Karibu kila mara ni mkono kusogea baada ya kubanwa: umeuchomeka, umeona haujakaa, ukauvuta bila kuutoa kwanza. Toa, angalia ndani, chomeka tena.

Sparadra inasaidia ikiwa ni ya kitambaa isiyovutika, upana wa sentimita 3.8 hivi. Ya sentimita 5 inatosha pia, utaipasua katikati. Pangusa mkono kwa spiriti na uuache ukauke. Anza kwenye kifundo, pita mgongo wa mkono, zunguka shina la kidole, rudi kifundoni. Fanya hivyo kwa kila kidole, kiganja kibaki wazi. Unapomalizia kuzungusha kifundo, kunja ngumi ili mishipa ipate nafasi. Kisha bonyeza kucha: weupe ukichelewa kuondoka zaidi ya sekunde mbili, umekaza mno.

"Kemu imetoka ilipovutwa"

Sababu namba moja ni kemu ndogo kwenye ufa mkubwa: mabawa yamefunguka mpaka ncha, yanagusa mwamba kwa shida. Mabawa yawe yamefungwa zaidi ya nusu ya mwendo wake, lakini yasifike mwisho. Kwa Camalot, aina moja ya kemu, namba 1 nyekundu inafaa nyufa za milimita 30 hadi 52, namba 2 ya njano 37 hadi 65, namba 3 ya bluu 51 hadi 88. Mipaka hiyo ni ya chuma, si ya usalama. Ufa wa milimita 62 uko ndani ya orodha ya njano, lakini kemu yake pale ni bluu.

Pili ni mwelekeo. Shina la kemu lazima lielekee kule litakakovutwa na mwanguko: chini, na nje kidogo. Likichomoza moja kwa moja nje kama kigingi cha kutundikia kofia, mwanguko utalizungusha na mabawa yatahama.

Tatu ni mwamba wenyewe, na hapa inafaa kuelewa kemu inavyofanya kazi. Kwa pembe ya mabawa ya kawaida, ambayo ni karibu digrii 14, kila ukuta husukumwa kwa nguvu ya takriban mara mbili ya ile inayovuta kemu. Kilonewtoni 5 (moja ni kama uzito wa kilo 100) za mwanguko wa kawaida zinakuwa kilonewtoni 10 kwa kila upande. Ukuta mmoja ukiwa ni kibamba kilichoachana na mnara, umeweka jeki nyuma yake. Gonga kwa kiganja kabla ya kuweka: mwamba mzima hulia kavu, kibamba hulia kama debe tupu. Usiweke kinga nyuma ya debe tupu, na mwenzako asisimame chini yake.

Kwa sababu hiyo hiyo, kemu kwenye lava ya Goma ni ya kujifunzia ukiwa umesimama chini. Kingo za matundu yake huvunjika kama ganda la yai. Zoezi zuri ni kuweka ishirini, kuning'iniza uzito kwenye kila moja kwa utepe mrefu (kitanzi cha ukanda imara), futi moja kutoka ardhini, helmeti kichwani, na kuangalia ipi imehama.

Ufa unaopanuka kuelekea nje huitupa kemu hata ikiwa saizi sahihi. Ingiza ndani zaidi, au tumia nati mahali ufa unapokaba.

Mwisho ni uchafu. Kemu isiyorudi kwa springi yake yenyewe ina vumbi kwenye mhimili. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikauke, kisha upake kilainishi kikavu cha nta. Mafuta ya injini hukusanya mchanga mweusi, na baada ya wiki umerudi pale pale. Waya wa kuvutia ukikatika, au bawa likipinda, usilinyooshe kwa nyundo. Kemu hiyo irudi kwa mtengenezaji au istaafu.

"Kemu imekwama, haitoki"

Imefungwa mpaka mwisho, au imetembea kwenda ndani kwa kuchezeshwa na kamba. Kwanza usivute shina. Angalia ndani kwa tochi: bawa lipi lina nafasi, na ufa unapanuka upande gani. Vuta kishikio cha mabawa hadi mwisho, sukuma kemu *ndani* milimita chache, kisha iongoze kule kwenye nafasi, njia ile ile iliyoingilia. Kishikio kikiwa mbali, pitisha vitanzi vya waya vya nati mbili pande zake zote na uvivute pamoja huku ukisukuma shina kwa ndoano ya kuchokolea. Jipe dakika kumi. Baada ya hapo kemu ni mali ya mnara. Bei yake inauma, lakini giza likiwakuta juu mtalipa zaidi.

Ili isirudie, ongeza utepe wa sentimita 60 kati ya kemu na kamba.

"Nati zinang'oka moja baada ya nyingine"

Kinga ya chini ndiyo huanza. Mwanguko ukitokea, kamba hukaza na kunyooka kutoka kwa mshika kamba hadi kinga ya juu kabisa. Mshika kamba akiwa amesimama mbali, tuseme kivulini mita tano kutoka ukutani, kamba inaivuta nati ya kwanza nje na juu. Inang'oka, ya pili inafuata, kama zipu. Asimame mita moja au mbili kutoka chini ya njia, jua limpige. Kinga ya kwanza iwe kemu, au nati mbili zinazovutana, moja ya chini na moja ya juu.

Kisha kagua ulivyoikaza nati. Inahitaji mvuto mmoja mfupi kuelekea chini, na upande mpana wa kabari uguse mwamba sehemu kubwa ya uso wake. Nati iliyosimama kwenye chembe moja ya mwamba ni pambo.

Umbali nao ni wa kuhesabu mapema. Kinga iko mita 4, kiuno chako kiko mita 7: unaanguka mita 6, kiuno kinabaki mita 1 juu ya ardhi, na bado kamba haijanyumbuka. Umegonga chini. Kwenye mita kumi za mwanzo weka kinga kila mita moja na nusu hadi mbili, hata pale panapoonekana rahisi.

"Kamba ni nzito kama navuta gunia"

Kamba inapita pembe nyingi. Tepe fupi mahali njia inaponyooka, tepe za sentimita 60 au 120 panapopinda au chini ya paa la mwamba. Ikiwa bado nzito, angalia kama imeingia ndani ya ufa na kubanwa. Weka kemu kwenye mdomo wa ufa kuizuia isiingie. Njia ikiwa na pembe kubwa, jenga nanga, yaani kituo cha kinga cha kujifunga, mapema na uigawe njia.

"Kamba ina sehemu laini, au imevimba mahali pamoja"

Ikunje kitanzi kidogo kwa vidole, sentimita kwa sentimita, urefu wote. Mahali kitanzi kinapovunjika bapa badala ya kukaa duara, kiini kimeumia. Ikiwa ni karibu na mwisho, kata na uandike urefu mpya kwenye kamba; sahau hilo na siku ya kushuka utapungukiwa mita. Ikiwa ni katikati, kamba imekwisha.

Sababu ya kawaida Goma ni mchanga wa lava. Chembe zake zina makali, zinapenya ganda la kamba na kukata nyuzi kutoka ndani kila unapokaza. Tandika turubai, usiilaze kamba chini. Ioshe kwa maji yasiyozidi digrii 30 na sabuni laini, ianikwe kivulini.

Sababu mbaya zaidi haionekani: tindikali ya betri. Betri za sola na za magari ziko kila nyumba, kila buti ya gari, na kamba inayosafiri kwa pikipiki au taksi hulazwa zilipokuwa. Tindikali hula nailoni bila kuacha alama unayoweza kuiamini. Kamba, mkanda wa kiunoni au utepe uliogusa betri, au hata unaoshukiwa, hautumiki tena. Safirisha kwenye kidumu kilichokatwa mdomo, ukikifunga kwa mfuniko.

Na kamba za kufungia mizigo zinazouzwa kwa mita sokoni Virunga si za kutangulia nazo, hata ziwe nene kama mkono wa mtoto. Hazinyumbuki. Kamba ya kukwea imejaribiwa kumeza mwanguko wa kilo 80 mara tano au zaidi, bila kumrudishia mtu zaidi ya kilonewtoni 12 kwenye mwanguko wa kwanza. Ile ya mzigo itakurudishia yote mgongoni, kama haitakatika.

"Goti limenasa kwenye ufa mpana"

Limeingia likiwa limenyooka, kisha ukalikunja; msuli wa juu ya goti ukavimba. Kuvuta kunalikaza zaidi. Weka kinga juu yako, mwambie mshika kamba akaze, kaa kwenye mkanda. Sasa legeza paja kabisa, nyoosha mguu polepole, vuta kitambaa cha suruali kuelekea chini kwa mkono, na ulitoe goti kwa njia lililoingilia. Maji kidogo juu ya kitambaa husaidia. Ukizidi nusu saa, au mguu ukianza kufa ganzi, itisha msaada. Usisubiri mwenzako achoke pia.

"Kuna mvumo ndani ya ufa"

Nyuki. Hakuna mbinu hapa. Shuka kimya, bila kupiga mwamba wala kuwafukuza, na uache njia hiyo. Mtu aliyeumwa akivimba midomo, akikosa hewa au akiona kizunguzungu, ni hospitali sasa hivi.

Utelezi wenye harufu kali ni jambo jingine: pimbi. Kwenye Mnara wa Fischer, ule wa mita 25 hivi karibu na lango la Hell's Gate, wanaishi wengi, na wana desturi ya kurudia choo kimoja. Pangusa kiatu, pita.

"Mwenzangu ananing'inia na hajibu"

Hili halingoji. Mtu asiyejisogeza akining'inia kwenye mkanda, damu inabaki miguuni na hali inaweza kugeuka ndani ya dakika chache. Akiwa chini ya nusu ya urefu wa kamba, mshushe mara moja, taratibu, ukiangalia shingo yake isipinde. Akiwa juu zaidi, funga kifaa chako, jitoe kwenye mfumo wa kushika kamba kwa kitanzi cha prusiki (kamba nyembamba inayozungushwa kwenye kamba kuu na kuibana) cha milimita 6, na upige simu *kabla* ya kumpandia. Kenya ni 999 au 112, na walinzi wa hifadhi ya Hell's Gate wapewe taarifa pia: jina la mnara, upande, idadi ya watu, kama anapumua. Akiwa na maumivu ya mgongo au shingo na yuko mahali salama, usimbebe kwa mikono. Waliofunzwa ndio wamtoe.

Kama hakuna kati yenu aliyewahi kujitoa kwenye mfumo akiwa na uzito kwenye kamba, njia ndefu kuliko urefu wa kamba moja si yenu bado. Lizoeeni kwenye mti kwanza.

"Kamba haishuki"

Kabla ya wa mwisho kushuka, aliyetangulia chini avute mita moja kujaribu. Haiendi? Aliye juu bado anaweza kurekebisha: asogeze fundo lipite ukingo, aondoe kamba ufani, aongeze utepe kwenye nanga. Kosa la kawaida ni kuvuta upande usio na fundo, basi mkumbushane kwa sauti rangi ya kuvuta.

Kamba mbili huungwa kwa fundo moja la kawaida linalofungwa kwa ncha zote mbili kwa pamoja, mikia ya sentimita 30 au zaidi, limekazwa nyuzi moja moja. Ncha za chini zina mafundo mpaka mtu wa mwisho afike, kisha *hufunguliwa*. Fundo lililosahaulika ndilo hukwama kwenye pete ya nanga.

Kamba ikikwama mkiwa wote chini, sogeeni mbali na ukuta, vuteni kutoka pembe nyingine, tikiseni iwe na mawimbi. Ncha zote mbili zikiwa mikononi mwenu, unaweza kupanda kwa prusiki juu ya zote mbili kwa pamoja, ukijifunga fundo la akiba kila mita tatu. Ncha moja ikiwa imepanda juu isikofikika, usipande ile iliyobaki: hujui inashikwa na nini, inaweza kuwa jiwe la ukubwa wa chungu. Mkiwa na kamba ya kutosha chini, mmoja atangulie upya kwa kinga mpaka ilipokwama. Msipokuwa nayo, kaeni hapo mlipo na nanga nzuri, vaeni koti, na piga simu wakati betri ya simu bado ina chaji.